Usukani wa Gari la Bluu

“Kwani kuna mtu alikuwa amelalamika?”

Mzee Gathogo aliniuliza hivyo Alhamisi moja mchana, mwezi wa Desemba, bado akiwa na koti la safari mwilini. Ushahidi nilikuwa nao mwingi. Nilikuwa na shahada ya falsafa. Nilikuwa na picha kumi na mbili kwenye simu na karatasi ya maelekezo iliyochakaa kwenye mikunjo, na vyote vilikubaliana kwamba usukani wa gari la Kimarekani hukaa kushoto. Gari lenyewe lilikuwa mezani kati yetu: la plastiki, la bluu, urefu wake kutoka kifundo cha mkono wangu hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa miaka yote liliyokuwa katika nyumba ile usukani wake ulikuwa kulia. Yeye alikwenda hospitali Nairobi kwa siku tisa, akarudi akaukuta kushoto. Hakupandisha sauti. Aliuliza swali hilo moja, akangoja, kisha akaanza kuhangaika na vifungo vya koti, na mimi nikamfungulia kwa sababu vidole vyake havikuweza tena.

Mwaka huu amefariki. Habari zilinifikia kwa simu nikiwa kazini Nairobi, nikiandika ripoti kuhusu mradi wa maji ambao sijawahi kuuona kwa macho, na sikwenda mazishi. Nilisema nina kazi ya kukabidhi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na uchovu wangu siku hizi ni kisingizio kizuri kwa sababu ni wa kweli. Wiki mbili baadaye nilikwenda Lanet, nje kidogo ya Nakuru, kumpa pole mkewe, Mama Wahu, na nikarudi na jambo ambalo silali vizuri nalo. Kabla sijalisema inabidi niuandike ule mwaka, kwa sababu tangu shule ya msingi nimelaumiwa kwa kuuliza maswali mengi, na ule ndio mwaka ambao kosa langu lilikuwa swali ambalo sikuliuliza vya kutosha.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikuwa nimehitimu mwaka na nusu uliotangulia, na nilikuwa nimerudi Nakuru kukaa tu, kusoma matangazo ya kazi na kubishana na watu mtandaoni juu ya Mungu, serikali na maana ya neno “uzoefu.” Siku moja mtu fulani alituma tangazo kwenye kikundi cha simu cha mtaa wetu: “Anahitajika kijana ambaye mkono wake hautetemeki. Awe na subira. Lanet.” Nilifikiri ni utani. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua nani angeandika kitu kama hicho, na pia kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa nyumbani nitaamka saa ngapi. Nikamkuta Mzee Gathogo, mwanamume mrefu mwenye sweta ya kijani, mstaafu wa mitambo ya mvuke kule Olkaria, ambako alikuwa fundi wa mita kwa karibu maisha yake yote ya kazi. Aliniambia niende jikoni nichukue kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni na nikipeleke karakana, nyuma ya nyumba, bila kumwaga. Mama Wahu alikijaza, akanitazama huku akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. “Pole, msichana wangu,” akasema. “Wa jana alijichoma.” Nilivuka ua nikiwa nimeshika pumzi. Mzee akakiangalia kisahani, kilikuwa kikavu.

“Umesomea nini?”

“Falsafa.”

“Hiyo ni ya kutengeneza nini?”

“Haitengenezi kitu, Mzee. Inauliza maswali.”

“Basi utauliza ukiwa umeshika hii,” akasema, akanipa kibano.

Karakana ile ilikuwa chumba cha mawe kilichoezekwa mabati, na dirisha moja la mashariki. Ndani kulikuwa na meza ndefu, taa yenye shingo ya kupinda, na maboksi ya karatasi yaliyopangwa hadi darini, kila moja na jina la mwenyewe. Kazi ya Mzee ilikuwa kufufua modeli za magari ya Kimarekani, yale yanayoitwa magari ya misuli: milango miwili, boneti ndefu kupita kiasi, injini ya silinda nane, yote yamepunguzwa mara ishirini na tano na kugawanywa katika vipande vidogo vya plastiki ambavyo mtu huunganisha kwa gundi. Watu waliyaleta yakiwa yamevunjika. Mwingine aliletewa lake na mjomba wake aliyekuwa ng’ambo, akaliunganisha vibaya akiwa mtoto, likakaa darini miaka ishirini likiliwa na joto. Mwingine alilinunua lake mnadani bila magurudumu. Sisi tuliyachovya katika mafuta ya breki usiku kucha mpaka rangi ya zamani ikalainika na kutoka kama ngozi ya maziwa, tukayanyoosha kwa maji ya moto pale yalipopinda, tukayapiga msasa na kuyapaka rangi upya. Rangi ilipulizwa kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo upepo wa Lanet huamka na vumbi lake, na punje moja tu juu ya boneti ya ukubwa ule huonekana kama jiwe barabarani. Na ili rangi ing’ae, Mzee hakutumia kitu chochote cha dukani. Alikuwa na gudulia la unga mweupe wa Kariandusi, ule unaochimbwa karibu na Elmenteita, ambao aliuchekecha kwa soksi ndefu ya Mama Wahu na kuuchanganya na maji. Ulisuguliwa kwa kidole, polepole, kwa duara. Nilisugua paa moja kwa siku mbili. Nilipouliza kwa nini si siku moja, alisema nijaribu siku moja. Nilijaribu. Ilibidi nirudie.

Nilimsumbua kwa maswali, nakiri. Sikuelewa watu wazima wa Nakuru wanatafuta nini katika magari ambayo hawajawahi kuyapanda, ya nchi ambayo wengi wao hawataiona. “Mzee, umewahi kuendesha gari kama hili?” Hapana. “Umewahi kuliona?” Moja, akasema, lilikuwa limekufa nyuma ya hoteli na kuku wanalala ndani. “Sasa kwa nini…” “Chela,” akasema, maana jina langu Chelagat alilikata siku ya kwanza, “wewe ulisoma miaka minne juu ya watu waliokufa. Mimi nimeshika magari yaliyokufa. Hebu tuone nani atamaliza mapema.” Aliongea huku mikono yake imekaa mapajani, mmoja juu ya mwingine, kama mtu anayemzuia paka. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka miaka mitatu nyuma, wa kushoto ukafuata. Aliweza bado kuona kila kosa. Hakuweza tena kurekebisha hata moja. Alikuwa akiniambia, “Kushoto kidogo. Kidogo zaidi. Umepita,” na nadhani hakuna kitu kilichomchosha zaidi ya hicho, kukaa kando ya mikono ya mtu mwingine siku nzima.

Chakula kilikuwa saa saba, ndani. Mama Wahu hakuingia karakana kwa sababu ya pumu. Harufu ya rangi ilimshika kifua, hivyo alisimama mlangoni na kuita. Tulikula githeri, au mukimo na kabichi, na Ijumaa alituletea samaki wa kukaanga kutoka mjini. Mzee alikunywa chai kutoka kikombe ambacho Mama alikijaza nusu tu. Kikiisha aliongeza nusu nyingine, kisha nyingine, bila kusema neno na bila kukatiza habari aliyokuwa akiisimulia, kwa hiyo mgeni angeondoka pale bila kujua kwamba yule mzee hawezi kubeba kikombe kilichojaa. Ilinichukua mwezi mzima kuligundua hilo, na mimi najiona mtu wa kuchunguza.

Jambo lingine nililiona mapema. Sebuleni, kati ya makochi yenye vitambaa vya kufuma, kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake magari kumi na moja ya Mzee mwenyewe. Yote yalikuwa na usukani kulia. Ya wateja, kule karakana, yalikuwa na usukani kushoto kama yalivyotoka kiwandani. Kuhamisha usukani si jambo dogo. Unakata dashibodi, unaigeuza, unajaza pengo, unatoboa upya, unachora mita upya kwa brashi ya nywele tatu. Alikuwa amefanya hivyo mara kumi na moja, na kila nilipouliza sababu alinipa jibu jipya. Mara ya kwanza alisema Kenya tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani ukiwa kulia, na gari likiwa nyumbani kwake litafuata sheria za Kenya. Mara ya pili alisema ni alama yake, kama sahihi. Mara ya tatu alisema, “Za wateja ni za wateja. Zangu ni zangu. Pitisha msasa.” Mimi nilifundishwa kwamba mtu mwenye majibu matatu hana hata moja. Nikaamua moyoni kwamba alikosea tangu mwanzo kwa kutojua, akaona aibu kurudi nyuma, na sasa anatetea kosa. Nililiona jambo la kawaida. Nilikuwa nimeandika insha juu yake chuoni.

Gari la kwanza kati ya yale kumi na moja, na lililokuwa duni kuliko yote, lilikuwa la bluu. Paa lilikuwa limepasuka, taa moja haipo, na rangi ilikuwa imegeuka ya kijivu upande wa dirishani. Mzee hakutaka mtu aliguse. Alikuwa akisema atalifanya mwenyewe mikono ikipata nafuu. Ukuta wa karakana ulipakana na kibanda cha kufulia, na siku moja mwezi wa Septemba niliwasikia Mzee na Mama Wahu wakiongea upande wa pili, Mzee akimshikia mkewe ncha ya shuka ili wakamue pamoja.

“Na ile ya bluu?” Mama Wahu aliuliza.

“Inakuja.”

“Isije ikaja wakati hatuoni.”

“Shuka bado ina maji, mama. Vuta.”

“Wewe ndiye huvuti.”

Wakacheka, halafu nikasikia maji yakimwagika kwenye simenti. Kesho yake Mzee aliniambia kwamba Desemba watatimiza miaka thelathini ya ndoa na kutakuwa na ibada ya shukrani kanisani, kisha chakula uani, na kwamba anataka gari la bluu liwe mezani karibu na keki siku hiyo, limepona. Ni zawadi ya Mama. Hakuwa na nyingine. Alilitoa kabatini mwenyewe, kwa mikono yote miwili, akalibeba hadi karakana akitetemeka, na mimi nikatembea nyuma yake nikiwa nimekinga viganja chini kama mtu anayefuata mtoto anayejifunza kutembea. “Sitaki liwe jipya,” akasema. “Nataka liwe lile.”

Nimelifikiria sana hilo neno la mwisho. Lilikuwa wazi kabisa.

Mwezi wa Novemba alikuja wakili mmoja wa mjini, mteja wetu mkubwa, kuchukua gari lake la rangi ya machungwa. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mwema, wa kuwaita watu wote “boss.” Wakati akingoja chai aliinama mbele ya kabati, akachungulia, akapiga paja.

“Mzee! Hizi zako zote stiaringi iko kulia! Hii ni Amerika ya wapi, boss, ya Lanet?”

Jikoni kisu cha Mama Wahu kilikuwa kikigonga ubao, kikikata sukuma wiki. Kikanyamaza. Mzee aliinuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka, akasimama kati ya wakili na kabati. “Wakili, chai inapoa,” akasema, ingawa chai ilikuwa haijaletwa. Kisu kikaanza tena. Wakili akacheka tena kidogo, akageukia siasa. Mimi niliuona uso wa Mzee, na nilidhani nimeuelewa: uso wa fundi aliyechekwa nyumbani kwake kwa kosa ambalo kila mtu anaweza kuliangalia kwenye simu. Iliniuma. Hilo nataka lieleweke, si kwa kujitetea. Nilikuwa nimempenda yule mzee bila kuona nilianza lini, na wakili alikuwa amealikwa kwenye shukrani, na niliona tayari hema, wageni, keki, na ile sauti ikipiga kelele kuhusu Amerika ya Lanet mbele ya kanisa zima.

Mwanzoni mwa Desemba Mzee alikwenda hospitali Nairobi kwa ajili ya mikono. Gari la bluu lilikuwa limevuliwa paa, limesafishwa, tayari kwa rangi. Mama Wahu alikwenda naye. Nilibaki peke yangu na ufunguo wa karakana, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuna mtu aliyeniambia kushoto kidogo. Niliitazama ile dashibodi chini ya taa. Ilikuwa kazi ya mtu aliyeanza juzi. Ilikatwa kwa wembe, kando zikayeyushwa kwa kitu cha moto, tundu la usukani lilitobolewa kwa msumari na halikuwa hata katikati. Mita zilikuwa zimechorwa kwa wino wa kalamu. Nililinganisha na magari yake ya baadaye na nikashangaa jinsi alivyokuja kuwa stadi. Katika kasha la vipuri tulikuwa na dashibodi nzima ya gari la aina ile ile, safi, ya kushoto. Nilijiambia sababu zote unazoweza kuzifikiria. Kwamba gari ni la kihistoria. Kwamba usahihi ni heshima. Kwamba atanishukuru akimwona wakili amekosa la kusema. Nikaing’oa ile ya zamani kwa ncha ya kisu, ikakatika vipande viwili mkononi, nikaitia kwenye pipa. Jumamosi nilichoma takataka, kama kila Jumamosi. Nikapuliza rangi saa mbili asubuhi siku tatu mfululizo, nikasugua unga wa Kariandusi mpaka ncha za vidole vyangu zikawa laini, nikagandisha paa. Halijawahi kutoka gari zuri zaidi ya lile mikononi mwangu.

Alhamisi walirudi. Mama Wahu alikwenda moja kwa moja jikoni na mifuko. Mzee alikuja karakana. Nimeshasema aliuliza nini.

“Ile ya zamani iko wapi?” aliuliza baada ya koti kutoka.

“Nilichoma, Mzee. Pamoja na takataka.”

“Sawa.”

“Ninaweza kutengeneza nyingine kama ile. Nipe leo na kesho.”

Alifikiria. Nadhani alikuwa akinipima kama anaweza kunieleza, na akaona safari imemchosha sana, au akaona kwamba kueleza kungekuwa ni kutoa kitu ambacho si chake peke yake. “Kama ile huwezi,” akasema bila ukali. “Acha hivyo. Umesugua vizuri.” Akazima taa na kutoka, ingawa ilikuwa mchana na taa haikuhitajika.

Jumamosi ilikuwa ya jua. Kulikuwa na hema mbili, pilau, kuku, na keki ya ghorofa tatu ambayo mchungaji aliiombea kwa muda mrefu. Gari la bluu lilikuwa kando yake juu ya kitambaa cheupe. Wakili alilifikia wa kwanza. “Eeh!” akasema, akaita watu. “Sasa hii ndiyo Amerika!” Kwa muda mfupi kama pumzi moja nilifurahi. Kisha Mama Wahu alikuja na vazi lake la zambarau, akainama, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa na kuchungulia tena kupitia kioo cha mbele. Mzee alikuwa amesimama upande wa pili wa meza akiitazama keki. “Imependeza,” Mama akasema. “Mmejitahidi sana.” Akageuka akaanza kuhimiza wasichana wagawe soda. Mchana wote ule, katika picha zote zilizopigwa, yeye na Mzee hawakutazamana. Nilidhani ni uchovu. Watu wa umri ule huchoshwa na sherehe zao.

Baada ya mwaka mpya Mzee aliniambia tumalize kazi za wateja tu. Boksi moja lake mwenyewe, ambalo alikuwa amelihifadhi miaka mingi bila kulifungua, alimpa wakili. “Nimechoka na zangu,” akasema. Mwezi wa Februari nikapata kazi Nairobi, nikaaga, na Mama Wahu akanifungia mukimo kwenye kopo. Nilirudi kuwaona mara tatu katika miaka kumi. Kila mara niliahidi kurudi upesi.

Safari hii ya kutoa pole nilimkuta Mama ameketi nyuma ya nyumba kwenye kigoda, anamenya viazi vingi kuliko anavyoweza kula mtu mmoja. Aliniambia mkono umezoea. Nikachukua kisu cha pili. Tulizungumza juu ya mazishi, nani alikuja, mvua ilivyokaribia kuharibu. Karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Kisha, bila mimi kuuliza, akasema:

“Unajua ile ya bluu si yeye aliitengeneza?”

Nilisema sijui.

“Ni mimi. Alikuwa Olkaria, wiki mbili huko, wiki moja nyumbani. Mzungu mmoja wa kuchimba visima vya mvuke alikuwa anarudi kwao, akamwachia hiyo boksi. Akaiweka juu ya kabati, anaogopa kuifungua, ati ataharibu. Mimi ndiyo nimeolewa juzi, nyumba ni chumba kimoja, siku ni ndefu. Nikasema ngoja nimfanyie. Nikafuata michoro vizuri sana, mpaka nikafika kwa stiaringi. Nikaona hawa watu wamekosea. Wameweka upande wa abiria! Nikafikiria, huyu akija aone amepewa kitu kibovu, atajisikia vibaya. Nikachukua wembe nikawarekebishia.”

“Akasema nini aliporudi?”

“Akaangalia muda mrefu. Akaniambia, ‘Umefanya vizuri kuona. Walikosea kweli.’” Akaudondosha msokoto wa ganda kwenye beseni. “Na ya pili, ile alijitengenezea mwenyewe, akaweka kulia. Na ya tatu. Zote za hapa nyumbani, Chela. Ili nisijue nilikosea.”

Niliweka kisu chini. Niliziona zile dashibodi kumi alizozikata yeye, kila moja na pengo lililojazwa, kila moja na mita zilizochorwa upya, na nikamwona mzee akimzuia wakili asiendelee kusema. Nikamwambia Mama ukweli, kwamba ile ya shukrani niliigeuza mimi, yeye akiwa Nairobi, na kwamba ya kwake niliichoma.

“Najua ni wewe. Na hiyo mikono, angeweza?”

“Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuonyesha kwamba ulikosea. Siku ile, mbele ya watu wote.”

Akacheka bila nguvu, akatikisa kichwa. “Wewe hukunionyesha kitu. Mimi siku ile nilikuwa naogopa tu kumwangalia mzee wangu, asije akajua.”

“Asije akajua nini?”

Mwaka wa pili wa ndoa yao, akanisimulia, trela iliyotoka Rwanda iliharibika barabarani karibu na walipokuwa wakiishi, na Mama Wahu alikwenda kuwauzia chai waliokuwa wakiitengeneza. Dereva wake alishuka kwa mlango wa kushoto. Mama akamuuliza, akaelezwa kwamba kuna nchi nyingi ambazo usukani hukaa kushoto hivyo, hata Amerika. Alirudi nyumbani mbio kumwambia mumewe, akamkuta ameinama mezani, anakata dashibodi ya gari la tatu ili usukani ukae kulia, na mshumaa wa kupashia kisu moto umebaki kipande. Hakumwambia, siku ile wala miaka yote iliyofuata. Alimwashia mshumaa mwingine.